Macho ya Moshi

Kitambulisho cha taifa cha Bibi kinasema amezaliwa tarehe 1 Julai 1944. Tarehe hiyo ni ya karani aliyejaza fomu. Bibi mwenyewe anasema alizaliwa wakati wa vita ya Burma, baada ya mavuno ya mtama, kabla baba yake mdogo hajarudi na koti la jeshi. Wazee wengi wa Mwanza huhesabu hivyo. Miaka yao haina namba, ina majina: miaka ya maji mengi, mwaka wa kuhamishwa, mwaka wa meli, mwaka wa Elinino. Anayetaka kuandika maisha yao inabidi aishike kwanza kalenda hiyo, kisha ailinganishe na ile ya vitabuni. Mara nyingi zinakubaliana. Miaka ya maji mengi ni ile ya 1961 hadi 1964, Ziwa Victoria lilipopanda zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba ya ufukweni. Mwaka wa kuhamishwa ni 1974, wa Operesheni Vijiji. Mwaka wa meli ni 1996, MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Mwanza. Mwaka wa Elinino ni wa mvua zile zilizoanza mwishoni mwa 1997.

Lakini Bibi ana kalenda nyingine ambayo sijaikuta katika kitabu chochote. Ukimuuliza maisha ya kijijini yalikuwaje enzi hizo, haanzi na watemi, wala ngoma za Bagika na Bagalu, wala Uhuru. Anaanza na kuni. Kila kipindi anakikumbuka kwa kitu alichokuwa akikichoma jikoni: miti ya mlimani, miti ya pamba, mavi ya ng'ombe, mkaa. Nimeifuata kalenda hiyo hapa kwa sababu ndiyo inayoeleza jambo lililokaribia kumuua, yaani rangi ya macho yake.

Alizaliwa Luchelele, kusini mwa mji wa Mwanza, kando ya ziwa. Leo Luchelele ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jirani na Nyegezi na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na vyumba vya kupangisha wanafunzi vimejengwa hadi kwenye majabali. Utotoni mwake palikuwa na kaya zilizotawanyika, kila moja na uzio wake wa minyaa, zizi lake na nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Kati ya kaya na kaya yalikuwapo mashamba ya mtama, muhogo na viazi vitamu. Mji ulikuwa mbali kwa miguu ya mtoto: ulitoka alfajiri na kikapu cha samaki, ukarudi jioni na chumvi na mafuta ya taa.

Kuni zilikuwa kazi ya wasichana. Walipanda milima ya mawe kwa makundi, wakaokota matawi yaliyokauka yenyewe kati ya majabali, wakafunga mizigo kwa kamba za magome, wakashuka kabla jua halijawa kali. Kuni zile zilitoa moto wenye nguvu na moshi kidogo. Na moshi uliokuwepo ulikuwa na kazi yake: ulifukuza mbu, ukazuia wadudu kwenye paa, ukakausha mbegu zilizoning'inizwa juu ya mafiga.

Tena chakula kingi cha akiba hakikuhitaji moto. Furu, wale samaki wadogo waliojaa ziwani kwa mamia ya aina, walipasuliwa na kuanikwa juu ya mawe, na jua likamaliza kazi. Viazi vilikatwa vikaanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa. Majani ya kunde yalianikwa yakawa nsansa. Mwanamke wa ufukweni aliwasha moto mara mbili kwa siku, na zilizobaki zilikuwa kazi za jua.

"Usiandike kwamba tulikuwa na raha, mke mwenzangu," aliniambia, kwa utani ule wa bibi na mjukuu wake wa kike. "Andika kwamba kuni zilikuwepo."

Raha haikuwa nyingi kweli. Unga ulisagwa kwa jiwe juu ya jiwe, kabla ya jogoo wa kwanza, na mgongo wa mama yake ulikuwa umepinda kabla hajafikisha miaka arobaini. Mama huyo alizaa watoto tisa akazika wanne, wawili kati yao katika wiki moja ya surua. Kwenye maji kulikuwa na mamba na viboko. Mke aliyepigwa akikimbilia kwao aliulizwa kwanza amefanya nini. Hofu ya uchawi nayo ilikuwepo. "Kila kifo kilikuwa na mtu wake," anasema Bibi. Lakini anakumbuka kwamba bikizee walioogopwa waliogopwa kwa ulimi wao, kwa ugomvi waliokuwa nao na majirani. Hakumbuki mtu aliyetajwa kwa sababu ya macho.

Mwaka 1962, ziwa likiwa limeshaingia kwenye viazi vya baba yake, aliolewa Kwimba kwa ng'ombe kumi na wanne. Alisindikizwa na shangazi yake kwa treni, kwa reli ile iliyofika Mwanza mwaka 1928, wakashuka Mantare wakatembea siku nzima. Kitu cha kwanza anachokikumbuka kuhusu ukweni ni jinsi alivyoweza kuona mbali. Nchi ilikuwa wazi. Mtu akija ulimwona akiwa bado doa dogo, ukamaliza kufagia ndipo akafika. Binti aliyekulia kati ya majabali na vichaka aliona aibu, kama mtu aliyevuliwa nguo.

Uwazi ule una historia yake. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Waingereza iliuona mbung'o kuwa adui mkubwa wa mifugo na watu wa Usukuma. Kuanzia miaka ya 1920, chini ya Charles Swynnerton aliyekuwa na makao yake ya utafiti Shinyanga, na kwa amri za watemi, maelfu ya watu walitolewa kwenda kufyeka vichaka ili mbung'o akose kivuli. Kazi hiyo ilifanikiwa: malale na nagana vilirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakapata mahali pa kulima. Kisha ikaja pamba, ambayo haipendi kivuli hata kidogo. Kila msimu bei ilipopanda, jembe lilisogea mbele na mti ukarudi nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilianza kuona udongo unachoka, ikaleta Mpango wa Maendeleo ya Usukuma uliosimamiwa kutoka Malya: lima matuta, punguza mifugo, ukikaidi utatozwa faini. Watu walikaidi. Hasira hizo ziliipa TANU wafuasi wengi kiasi kwamba serikali ikazuia matawi yake Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958.

Historia hii tunaisoma shuleni, na majina yake tunayajua. Tunajua kwamba Paul Bomani aliwaunganisha wakulima wa pamba, na kwamba mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria, uliojulikana kwa herufi VFCU, ambao ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Wazee wa Mwanza bado wanausema kwa fahari, na wana haki. Waafrika waliokuwa wakipunjwa kwenye mizani walinunua mizani yao wenyewe, kisha wakanunua vinu vya kuchambulia pamba.

Bibi aliichuma pamba hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Aliichambua usiku kwa mwanga wa kibatari, safi huku, fifi kule, akaibeba kichwani hadi kituo cha kununulia. Mbele ya karani alisimama mume wake. Pesa zilihesabiwa mkononi mwa mume, na gumba lililowekwa kwenye kitabu lilikuwa la mume. Hakuwa mtu mbaya, anasema Bibi. Kila mwaka alimnunulia kaniki na khanga, na mwaka mmoja mashine ya kusaga ya Mhindi ilipofunguliwa jirani alimruhusu asipige tena jiwe. Lakini katika vitabu vyote vya ushirika ule, ambao uliisomesha nusu ya mkoa, jina la Bibi halimo hata mara moja.

Alichobaki nacho yeye ni miti ya pamba. Kila msimu ulipokwisha, kanuni ilitaka mabua yang'olewe na kuchomwa ili wadudu wasivuke mwaka. Wanawake waliyang'oa wakayapeleka nyumbani. Huo ulikuwa msimu wa pili wa kalenda yake. Bua la pamba linawaka haraka kama karatasi, linazimika kabla ugali haujaiva, na linatoa moshi unaochoma koo. Ilibidi mtu akae palepale ameinama, akiongeza na kupuliza, akiongeza na kupuliza. Kuni zenyewe zilipatikana bado kwenye ngitili, yale maeneo ya nyasi na miti ambayo kila ukoo uliyafunga ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Kwa ruhusa ya mkwe, mwanamke aliingia akaokota matawi. Ngitili ilikuwa benki ya ng'ombe kwa mdomo wa wanaume. Kwa wanawake ilikuwa benki ya kuni.

Halafu ukaja mwaka wa kuhamishwa. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 Watanzania wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Nia yake ilijulikana: shule, zahanati, maji ya bomba, kulima pamoja. Bibi hana ugomvi na nia hiyo, na watoto wake wawili wa mwisho walisoma kwa sababu yake. Anachokumbuka ni namna ilivyofanyika kwao. Walipewa siku chache. Mgambo walikuja wakaezua nyasi za paa ili asiwepo wa kurudi. Waliondoka na vihenge vilivyovunjwa, mtama umemwagika njiani, kuku wamefungwa miguu, na makaburi ya watoto wake wawili yakabaki katika uzio wa minyaa ambao sasa haukuwa wa mtu yeyote.

Kijiji kipya kilikuwa mstari. Nyumba ziliwekwa pande mbili za njia, zimetazamana, hatua kadhaa kutoka mlango hadi mlango. Kwa Wasukuma, waliozoea kuishi kila mtu na eneo lake, hilo lilikuwa jambo geni. Ulisikia jirani akikohoa, ukajua anakula nini, ukajua amekunyima. Ugonjwa wa mtoto wa nyumba hii uliingia nyumba ile. Na miti iliyokuwa karibu na mstari ule iliisha mapema, kwa sababu mamia ya watu walijenga na kupika kwa wakati mmoja mahali pamoja. Ngitili za zamani, zilizokosa mwenye kuzilinda, zilikatwa au zikalimwa. Miaka kumi na mbili baadaye, mwaka 1986, serikali ilianzisha mradi wa HASHI huko Shinyanga kurudisha miti na ngitili, na kazi hiyo ilifika mbali. Kwa Bibi ilikuwa imechelewa. Yeye tangu 1976 hivi alikuwa akipikia mavi ya ng'ombe.

Anaeleza kazi hiyo kama fundi. Unakusanya mabichi asubuhi, unayakanda na makapi, unayabandika kama maandazi makubwa kwenye ukuta wa jua, unayageuza siku ya tatu. Yakikauka vizuri yanashika moto taratibu na kukaa muda mrefu, kwa hiyo yanafaa kwa maharage. Ubaya ni moshi. Ni mzito, wa njano, haupandi, unazunguka chini pale alipo mpikaji. Nyumba ya kijiji kipya ilikuwa ya pembe nne, na jiko lilikuwa chumba kidogo pembeni, kisicho na dirisha. Alipika humo kwa miaka ishirini na zaidi. Uji wa asubuhi, ugali wa mchana, ugali wa usiku, maji ya kuoga mume, pombe ya mtama wakati wa kulima kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa jikoni huchangia mtoto wa jicho, hasa kwa wanawake. Bibi hakuhitaji kuambiwa. "Tuliokuwa rika moja tuliolewa tukiwa na macho meupe," anasema. "Tulipofikisha miaka hamsini, wote tulikuwa na macho mekundu. Wanaume wetu, hakuna."

Ni hapa ndipo kalenda ya kuni inapokutana na kalenda ya damu. Hesabu za serikali zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi, wanawake wakiwa 2,286, na zaidi ya nusu ya waliouawa walikuwa wa Usukuma. Mauaji hayakuishia hapo. Yaliendelea katika miaka ya 1990 na baadaye. Wengi walikuwa wanawake wazee, wengi wajane. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelichunguza jambo hili kwa kina, aliyahusisha na kuhamishiwa vijijini: watu waliozoea kuishi mbalimbali walibanwa pamoja, na hofu za zamani zikakosa nafasi ya kupoa. Sheria ya uchawi iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 ilikuwa bado inatumika, ikimwadhibu anayedai uwezo wa kichawi na anayemtaja mwenzake, lakini waliokuja usiku hawakuja na sheria. Waliitwa wakata mapanga. Walikodishwa kwa pesa au kwa ng'ombe, na kwa kawaida walitoka kijiji kingine.

Na alama ya mchawi, katika Usukuma ya miaka hiyo, ilikuwa macho mekundu.

Mume wa Bibi alifariki kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Aliacha shamba zuri la tifutifu karibu na mto, na vijana wawili waliokuwa machimboni Geita. Shemeji yake alilitaka shamba. Kwa sheria ya mila iliyotangazwa na serikali mwaka 1963, mjane hakuwa na fungu katika urithi iwapo ndugu wa ukoo wapo. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Bibi aliendelea kulima, akingoja wanawe. Mwaka wa Elinino mtoto wa shemeji akafa kwa homa. Wakaenda kupiga ramli. Jibu la mganga lilimfikia Bibi kupitia mke wa balozi, aliyekuja kuomba moto: mwanamke, mjane, macho mekundu, mlango wake unatazama magharibi.

Mlango kutazama magharibi haukuwa ushahidi wa kitu. Katika mstari uliopangwa na serikali, nyumba zote za upande ule zilitazama magharibi. Macho nayo yalikuwa ya wanawake wote wa umri wake. Wajane upande ule walikuwa wawili. Yule mwenzake ndiye aliyempa mbegu ya karanga alipofika kama mwali, na ndiye aliyemfundisha kukanda mavi na makapi ili yasipasuke yakikauka. Alikatwa usiku wa mvua. Asubuhi watu walikwenda kumwona, na Bibi alikwenda pia, kwa sababu asiyeonekana msibani hutiliwa shaka. Alimwosha pamoja na wenzake. Hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo, nami sikuuliza.

Usiku wa pili aliondoka. Alichukua sufuria, khanga mbili na kuku mmoja, akatembea kwenye tope hadi barabara kuu, akapata lori la ng'ombe lililokuwa likija Mwanza. Alishuka Igoma, kwa binti yake, ambaye ni mama yangu. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na alikuwa amerudi Nyamagana baada ya miaka thelathini na mitano. Shamba lilichukuliwa na shemeji kabla msimu haujakwisha.

Kuna jambo la kuongeza kuhusu sheria. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilhali mwanamume anaruhusiwa inakwenda kinyume na Katiba. Hukumu hiyo ya kesi iliyotoka kwa Wahaya inafundishwa katika vyuo vya sheria vya Afrika nzima. Mwaka 1999 sheria mpya za ardhi zikatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Mahakama iko kilomita chache kutoka Igoma. Kutoka Kwimba usiku wa mvua ilikuwa mbali zaidi ya hapo.

Mjini Bibi alikuta vitu viwili vipya. Cha kwanza kilikuwa makaburi. Waliokufa na MV Bukoba wengi wamezikwa Igoma, na kila tarehe 21 Mei watu huja na mashada. Cha pili kilikuwa samaki. Alikwenda soko la samaki kutafuta furu wa utotoni wake akakuta sangara. Samaki huyo alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala ziwa lote na furu wa aina nyingi wakatoweka, jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa Nyegezi tangu miaka ya 1970 walilishuhudia likitokea machoni pao. Viwanda vya Mwanza vilikata minofu ikapelekwa Ulaya. Kwa wenyeji vilibaki vichwa na mifupa, vinavyoitwa mapanki.

Bibi alianza kukaanga mapanki kwa ajili ya kuuza. Na hapo akaona lile analoliona daima. Sangara ana mafuta mengi, hakauki kwa jua kama furu. Lazima akaangwe au abanikwe. Samaki aliyekaushwa bure na jua nafasi yake imechukuliwa na samaki anayekula kuni, na miti ya ufukweni na visiwani ikaanza kwenda huko. Ukimpa Bibi dakika tano atakuonyesha kwamba hadithi ya ziwa na hadithi ya Kwimba ni moja: kila mara kitu cha kuuzwa mbali kilipokuja, mti uliondoka, na mwanamke akainama zaidi juu ya moto mbaya zaidi.

Siko upande wa wanaosema zamani kila kitu kilikuwa kizuri, na Bibi mwenyewe hayuko upande huo. Mbung'o alikuwa anaua. Pamba ilijenga shule. Vijiji vilileta zahanati. Ninachosema ni kwamba maamuzi hayo yote yalikuwa na gharama, sehemu ya gharama ililipwa jikoni, na waliolipa walipozeeka wakahukumiwa kwa risiti waliyokuwa nayo usoni. Kijana aliyeshika panga alidhani anaona uchawi. Alikuwa anaona miaka ishirini ya uji na ugali aliopikiwa yeye mwenyewe.

Waliolielewa hili mapema walianza na jiko. Wilayani Magu, shirika la kutetea wazee la MAPERECE, likishirikiana na HelpAge, lilihimiza majiko banifu yanayopunguza moshi, sambamba na kuzungumza na waganga, sungusungu na viongozi wa vijiji. Inaweza kuonekana ajabu kuzuia mauaji kwa kujenga jiko la udongo. Kwa aliyesikiliza kalenda ya Bibi haishangazi. Sasa serikali ina mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Katika hotuba zake nimesikia habari za mapafu na za misitu, na ni sawa. Ningependa siku moja nisikie pia habari za wanawake wa Usukuma na macho yao, ili takwimu ile ya 2,286 isikae peke yake katika faili la uchawi.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho moja miaka michache iliyopita, na sasa anaona vizuri upande wa kushoto. Weupe wa macho haukurudi. Nyumbani Igoma tunapikia gesi, na mkaa gesi ikiisha. Nyamagana imejaa, sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu laki sita, na watoto wa wapangaji wengi hawajawahi kuona kaya yenye uzio wa minyaa. Juzi mmoja wao, wa darasa la pili, alisimama mbele ya mkeka wake, akaamkia vizuri, kisha akauliza kile ambacho wakubwa hunong'ona: "Bibi, mbona macho yako mekundu?"

Mama yake alitoka mbio kumvuta mkono. Bibi akamwambia amwache, akamsogezea mtoto nafasi mkekani. "Ni moshi," alisema. "Kaa nikuambie. Kulikuwa na mlima, na juu yake kulikuwa na kuni."